Baba alihamia, naweza kugombea?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi niko Nkuhungu hapa Dodoma, mzee wangu katokea Yemen akachukua uraia kabla sijazaliwa, nataka udiwani halafu siku moja mjengoni ila watu wananiambia we mgeni tu, eti kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, achana nao. Katiba inataka mbunge awe raia, umri miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza na awe na chama, mambo ya baba katokea wapi hayamo. Mama Barbro Johansson kazaliwa Uswidi 1912, akaja Bukoba kama mmisionari, 1959 akaingia Baraza la Kutunga Sheria (ndo bunge la Tanganyika enzi za ukoloni), uraia kachukua 1962! We pambana na kura za maoni ndani ya chama chako kwanza, hapo ndo kuna kazi.