Kabla hujanunua seti ya vyombo vya chai, nunua kikombe kimoja

Bilauri ilipasuka Jumamosi, saa moja kasorobo asubuhi, na chai yote ya tangawizi ikateremka juu ya leso niliyotandika mezani kuelekea mapajani mwa mavyaa. Bahati leso ilinywa nyingi kabla haijamfikia, naye akasogeza kiti nyuma kwa wepesi ambao sikumdhania. Aliitazama ile nusu ya bilauri iliyobaki imesimama, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, hizi ni za kunywea au za kuangalia?"

Hakuwa na hasira, aliuliza tu. Lakini swali lile lilinikaa kichwani, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa: za kuangalia. Nilinunua seti nzima katika duka moja la hapa mjini Mombasa kwa kuwa iling'aa. Vipande 24: sahani kubwa sita, sahani ndogo sita, vikombe sita na visahani vyake, vyote vina mstari wa dhahabu ukingoni. Juu yake nikapewa bilauri sita za bure. Muuzaji aliapa kwamba zinastahimili chai. Nikambebesha bwana boksi lile hadi kwetu Kisauni, ngazi za ghorofa tatu, bila kujiuliza hata mara moja kwamba sisi asubuhi tunakula nini.

Hilo ndilo la kuanza nalo. Baada ya ile aibu nilichukua risiti ya zamani, na kwa wiki moja nikaandika nyuma yake kila kilichotua mezani kabla watoto hawajaenda shule. Mahamri na mbaazi za nazi mara mbili. Boflo na mayai. Vitumbua kutoka kwa jirani. Uji wa mtama kwa yule mdogo. Viazi vya karai Jumapili, kwa sababu Jumapili hakuna anayetaka kupika. Na chai kila siku, ya maziwa kwa wengi, strungi, yaani ya rangi bila maziwa, kwa bwana. Sahani kubwa haikuguswa na mtu wiki nzima. Kilichooshwa kuliko vyote ni bakuli, na katika vipande vyangu 24 hapakuwa na bakuli hata moja! Mbaazi nilikuwa nazipakua kwenye visahani na vibakuli vya plastiki vilivyonijia na ndoo za siagi.

Basi niseme habari ya bakuli kwa urefu, maana kwa mtu wa Mombasa hapo ndipo penye kazi. Mbaazi za nazi haziliwi kwa kijiko. Unachana hamri, unalikunja kidogo, unachovya, unazoa. Sahani bapa haikufai: tui linatambaa hadi ukingoni, linapoa upesi na kufanya utando, na kipande cha hamri kinasukuma mbaazi badala ya kuzichota kwa sababu hakina ukuta wa kuegemea. Bakuli la uji nalo ni jembamba na refu, vidole vinaingia kwenye mchuzi hadi kwenye pete. Unachotaka ni bakuli pana lenye ukuta uliosimama. Langu lina upana wa sentimita 16 hivi na kina cha vidole vitatu vilivyolala. Kitako kiwe kipana, ili mtoto akiegemea ukingo kwa mkono lisipinduke. Mimi napenda ndani pawe peupe. Si kwa urembo. Mbaazi hata uzipepete vipi, jiwe halikosi, na kwenye weupe unaliona kabla ya jino.

Bakuli zito la udongo uliochomwa sana hutunza joto, lakini likiwa baridi lenyewe hulinyonya kwanza joto la chakula. Nikishayachuja mahamri mafuta kwenye karatasi, namimina maji ya moto kidogo kwenye mabakuli, nayamwaga, ndipo napakua. Ni sekunde chache na mbaazi zinafika mezani zingali zinafuka moshi.

Kikombe sasa. Vikombe vya ile seti vilikuwa vidogo, kama vya kumpimia mgonjwa dawa. Chupa yangu ya chai ni ya lita 2. Kwa kikombe cha mililita 250 inatoa vikombe vinane, yaani kila mmoja wetu wanne anapata viwili na habari imekwisha. Kwa vile vidogo kila mtu alirudi mara tatu, chupa ikawa inafunguliwa na kufungwa, na wa mwisho akanywa chai vuguvugu. Pima kikombe kwa chupa yako, usipime kwa macho. Dukani sikuona haya kubeba chupa ndogo ya maji ya nusu lita na kumuomba kijana wa duka nijaze kikombe mbele yake. Chupa ile ikijaza viwili sawasawa, ndicho.

Kishikio kipitishe vidole viwili, na ngumi yako isiguse ukuta wa kikombe, la sivyo kila ukinywa unaungua kifundo cha kidole. Jaribu kwa mkono wako na kwa mkono wa mumeo pia. Wa bwana wangu ulinasa. Mdomo wa kikombe ukiwa mwembamba chai hupendeza zaidi, siwezi kueleza kwa nini na sitajaribu. Kwa watoto nimechukua vyenye mdomo mnene, maana vyembamba humeguka vikigongana kwenye karai.

Na kisahani? Wengi siku hizi wanakiacha. Mimi nimekirudisha kwa ajili ya mavyaa, ambaye chai haiwi chai mpaka aimimine kisahanini, aipulize, ainywe kwa mvuto mmoja wenye sauti. Kama nyumbani mwako kuna mzee wa namna hiyo, tafuta kisahani chenye kina, si vile bapa vyenye duara tu la kukalia kikombe.

Turudi kwenye ile bilauri. Kioo hupitisha joto polepole. Ukimimina chai inayochemka, upande wa ndani unatanuka papo hapo wakati wa nje bado uko baridi, na ile mvutano kati ya pande mbili ndiyo inayopasua. Kwa hiyo kioo kinene hakistahimili zaidi, bali kinastahimili kidogo, ingawa sote tuliaminishwa kinyume chake. Bilauri zangu zilikuwa na kitako kama tofali, na ile moja ilikuwa imetoka kunywewa maji ya friji.

Ukitaka kunywea chai kwenye kioo, na mimi nataka, maana kioo hukuonyesha rangi ya chai kabla hujaionja, kuna njia mbili. Kuna kioo chenye boroni ndani yake, ambacho hutanuka kidogo sana kikipata moto. Kampuni ya Corning ya Marekani ndiyo iliyoanza kukiuza kwa jina la Pyrex mwaka 1915. Tahadhari, si kila kinachouzwa leo kwa jina hilo ni kioo cha aina ile, basi soma maandishi ya boksi. Halafu kuna kioo kilichokazwa, ambacho kiwandani hupashwa moto sana kisha hupulizwa hewa ya baridi ghafla ili ngozi yake ya nje ijibane. Duralex wa Ufaransa wamekitengeneza tangu 1945, na sasa kuna wengi wengine. Kikivunjika hutawanyika vipande vidogo vidogo badala ya vigae virefu kama visu. Lakini kikishapata mchubuko mkubwa kitoe kazini, kinaweza kupasuka siku nyingine bila kuguswa na mtu.

Kama una bilauri za kawaida na huna haja ya kuzitupa, fanya alivyokuwa akifanya nyanya yangu: tia kijiko cha chuma ndani, mimina chai kidogo, izungushe, kisha jaza. Na isitoke frijini moja kwa moja.

Kwa maji na juisi, kipimo changu ni kimoja: ngumi yangu iingie hadi chini. Bilauri ndefu nyembamba ni nzuri kwenye picha, ila kuiosha unasokota sponji kwa vidole viwili huku umeikaba shingo kwa mkono wenye sabuni. Tatu zangu zimekufa hivyo.

Melamini sitasema mengi. Ni nyepesi, haivunjiki upesi, na wauzaji wanakwambia ni kama kaure. Iache kwa vitu vikavu: mahamri, boflo, vitumbua. Usiitie kwenye maikrowevu. Chakula cha moto zaidi ya nyuzi 70, hasa chenye uchachu, huifanya iachilie kemikali zake, na chai ya ndimu iliyotoka jikoni ina yote mawili. Ikishachakaa kwa mikwaruzo, bizari ya manjano huingia humo na haitoki tena. Vyombo vya bati vilivyopakwa rangi vina raha yake, na havina kesi na watoto, lakini kikombe cha bati huunguza midomo, na kikibanduka mahali, kwa hewa hii yetu ya bahari kutu haichelewi. Ile mistari ya dhahabu nayo hutoa cheche kwenye maikrowevu na hufutika kwa kuoshwa. Yangu ilianza kutoka mwezi wa pili.

Jambo ambalo madukani hawakuambii ni maji. Wengi wetu tunaosha kwa maji ya kisima, yenye chumvi na chokaa, na bilauri ikikauka inabaki na ukungu mweupe kama imepuliziwa unga. Watu huitupa wakidhani kioo kimezeeka. Isugue kwa kipande cha ndimu au iloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji, uchachu huyeyusha ile chokaa. Kisha isuuze kwa maji matamu na uipanguse papo hapo kwa kitambaa kikavu, usiiache ikauke yenyewe. Na siku ambazo maji ni ya mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni, utajua thamani ya chombo kisicho na nakshi za mabonde na milima. Kila bonde linashika mafuta ya mahamri, na kila bonde linakula maji. Chombo laini huoshwa kwa kata moja.

Ukifika dukani, au kwa wale wanaotandaza vyombo vya mitumba chini ya turubai, usivione haya vyombo. Gonga kikombe kwa ukucha: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti ya debe. Pitisha kidole ukingoni polepole. Kiweke mahali palipo sawa uone kama kinacheza. Panga viwili kimoja juu ya kingine, kwa sababu kabati lako si pana kama lao. Kwenye mitumba nakwepa vikombe vya zamani vilivyochorwa maua ya rangi kali upande wa ndani au kwenye mdomo, kwani rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi.

Halafu nunua kimoja. Kimoja tu. Muulize muuzaji kama vingine vya namna hiyo vitakuwepo wiki ijayo, na kama anauza kimoja kimoja. Akisema ni lazima seti, mshukuru uondoke. Kinywee wiki nzima. Kioshe wewe mwenyewe. Mimi nilighairi mara mbili kwa njia hii: kikombe kimoja kilikuwa kikitiririsha tone kidevuni kila nikinywa, kingine kilikuwa kizuri ajabu lakini kinapata moto kishikioni. Cha tatu nilikichukua saba zaidi, yaani watu wanne wa nyumbani, wageni wawili, na viwili vya kuvunjika.

Vya kuangalia navyo vina asili yake, nisije nikaonekana navidharau. Nyumba za kale za Waswahili zilichimbwa zidaka ukutani kwa ajili ya kupanga kaure, na kwenye makaburi ya nguzo ya pwani walipachika mabakuli ya Kichina. Nenda Fort Jesus utazame yaliyookotwa, mengine yakiwa ya jahazi la Kireno Santo António de Tanna lililozama chini ya ngome mwaka 1697. Nilimpeleka mavyaa. Alisimama mbele ya bakuli moja la buluu na nyeupe kwa muda mrefu, akalipima kwa vidole hewani.

"Hili lingefaa mbaazi," akasema.

Ile seti ya dhahabu ingali juu ya kabati, isipokuwa vikombe viwili vilivyomeguka ambavyo nimepandia mrihani dirishani. Mrihani umeshika vizuri.