Gari linajuaje kwamba linapinduka?

Ndugu, umeuliza kama eabegi (mifuko ya hewa ya kukinga watu) za mbele za gari la shemeji yako zilikuwa mbovu, maana lilibingirika mtaroni na hazikufunguka. Si lazima. Zile husubiri gari lipunguze mwendo ghafla kwa kugonga kitu mbele. Kubingirika peke yake mara nyingi hakuzifyatui.

Kupinduka kuna vipimo vyake. Gari lenye mfumo huo lina sensa ya jairo inayopima linalala upande kwa kasi gani, na nyingine zinazohisi msukumo wa ubavuni na wa juu-chini. Kompyuta huangalia pembe na kasi kwa pamoja. Ukipita polepole kando ya mteremko, gari limeinama kweli, lakini halizidi kulala, basi haifyatui kitu. Ikiona haliwezi tena kurudi, hukaza mikanda na kushusha eabegi za pazia madirishani. Hizo hubaki zimejaa sekunde kadhaa, kwa sababu gari linaweza kubingirika mara mbili tatu, na hatari kubwa kuliko zote ni mtu kurushwa nje.

Wazo si jipya: Mercedes-Benz SL ya 1989, gari la wazi, ilikuwa na chuma kilichoinuka chenyewe nyuma ya viti ndani ya takriban sekunde 0.3 gari likianza kupinduka.

Magari mengi ya zamani hayana sensa hii, kwa hiyo uliza kabla hujanunua. Na tafadhali, wanaokaa nyuma nao wafunge mikanda. Pazia halichukui nafasi ya mkanda.