Eksirei safi haimaanishi diski ni nzima

Je, eksirei ya mgongo inaweza kuonyesha diski (mto laini ulio kati ya pingili za mgongo) inayobana neva? Hapana, haiwezi. Inaonyesha mifupa: pingili iliyovunjika au kuteleza, au mgongo uliopinda. Diski ni tishu laini, hiyo huonekana kwenye MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku.

Ila kabla ya mashine, mikono ya daktari inagundua mengi. Unalala chali, anauinua mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka hadi chini ya goti kati ya digrii 30 na 70, neva inashukiwa. Yakiishia nyuma ya paja, mara nyingi ni msuli tu umekaza. Kidole gumba cha mguu kikikosa nguvu ya kuinuka, shuku neva ya L5, yaani ya pingili ya tano ya kiuno. Ukishindwa kusimama kwa ncha za vidole, shuku ile ya S1, inayofuata chini yake.

MRI nayo isikimbiliwe. Wengi wasioumwa kabisa hukutwa na diski zilizotokeza, kwa hiyo picha lazima ilingane na dalili. Kwa kawaida husubiriwa wiki 6 hivi. Isipokuwa ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma au miguu yote kulegea: hapo ni hospitali leo leo.