Kupima Tangi la Duara: Kwa Fundi Anayeanza
Kosa nililolifanya nikiwa msaidizi wa fundi, na ambalo nimeliona tena kwa vijana wengi niliowafundisha, ni kuchukua kipenyo na kukiweka mahali pa nusu kipenyo. Kwa kuwa eneo la duara hupatikana kwa kuzidisha pai (takriban 22/7) kwa nusu kipenyo mara nusu kipenyo, jibu la kosa hilo haliwi maradufu, bali huwa mara nne, na mteja aliyeahidiwa lita 49,000 hataelewa kwa nini tangi lake linafurika kwa lita 12,000.

Tangi likiwa limekwisha kusimama na katikati yake hapafikiki, mimi huzungusha kamba nje, nikaipima kwa tepu, kisha nikagawanya mzingo huo kwa 22/7. Tuseme mzingo ni meta 8.8: kipenyo kitakuwa meta 2.8, na nusu yake meta 1.4. Zidisha 1.4 kwa 1.4 upate 1.96, na hiyo kwa 22/7 upate eneo la meta za mraba 6.16, kwa kimo cha meta 2, ujazo ni meta za ujazo 12.32, yaani lita 12,320. (Wanaopenda 3.14 watapata tofauti ya lita 11 hivi, ambazo hazijazi hata ndoo kubwa, kwa hiyo msigombane.)

Hesabu hiyo ni sahihi, ila si ya maji, kwa sababu kamba ilipita nje ya ukuta na maji hukaa ndani. Ikiwa ukuta una unene wa sentimita 10, geuza kwanza kuwa meta 0.1, kisha uondoe pande zote mbili ubaki na kipenyo cha ndani cha meta 2.6. Ukirudia hesabu kwa nusu kipenyo cha meta 1.3, utapata takriban lita 10,620. Ile tofauti ya meta za ujazo 1.7 usiitupe, maana ndiyo zege iliyomo ukutani, na ukiipata mapema kutokana na mchoro hutaagiza saruji kwa kubahatisha.

Lundo la mchanga wa zege hiyo hukadiriwa kama pia, yaani umbo lenye kitako cha duara na ncha juu, ambayo ujazo wake ni theluthi ya silinda yenye kitako na kimo kilekile. Lakini lundo lililomwagwa na tipa mara nyingi huwa butu juu, hivyo kimo kipimwe pale mchanga ulipo, si pale ncha ingekuwapo.