Wasichana wapange wenyewe safari ya Saanane: nani aamue nini?

Swali: Mimi ni mwalimu na mlezi wa klabu ya wasichana katika shule ya sekondari ya kata, Wilaya ya Ilemela, Mwanza. Tuna wanachama 26 wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Wameomba wapange wenyewe safari ya siku moja kwenda Kisiwa cha Saanane na, ikifanikiwa, wakati wa likizo waende Ukerewe na kulala usiku mmoja. Mkuu wa shule anaona ni salama zaidi nikipanga kila kitu mimi, kisha wasichana wapewe nafasi ya kusoma risala. Wazazi kadhaa wanaogopa maji. Je, kuna namna ya kuwaachia wasichana uongozi wa kweli bila kuhatarisha maisha yao, na mipaka iwekwe wapi?

Jibu: Mwalimu, namna ipo, na nianze kwa kutokubaliana na dhana iliyo nyuma ya ushauri wa mkuu wako, kwamba uongozi wa wasichana na usalama wao ni vitu vinavyovutana, hata ukiongeza kimoja lazima kingine kipungue. Katika safari za makundi mara nyingi hali huwa kinyume chake. Msichana aliyeshiriki kuchagua njia, aliyepiga simu kuulizia boti na aliyeandika orodha ya majina kwa mkono wake ndiye anayejua kila mtu anapaswa kuwa wapi saa ngapi, na kwa hiyo ndiye anayegundua mapema kwamba jambo limekwenda kombo. Aliyepelekwa tu humfuata aliye mbele yake. Ila uongozi wa namna hiyo haupatikani kwa kuwaambia "pangeni mnavyotaka" halafu mlezi akakaa pembeni. Unapatikana kwa kutenganisha mapema, tena kwa maandishi, maamuzi yaliyo yao na machache yasiyopigiwa kura, yaani yale yanayobaki kwa watu wazima.

Kuhusu risala, mtafiti Roger Hart, katika kazi aliyoiandikia UNICEF mwaka 1992, aliupanga ushiriki wa watoto katika ngazi yenye vipandio vinane, na vitatu vya chini hakuvihesabu kuwa ushiriki hata kidogo, kwa kuwa hapo mtoto hutumiwa, hufanywa pambo, au huwekwa ili aonekane tu. Risala iliyotungwa na mwalimu na kusomwa na mwanafunzi iko huko chini. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake, kwa hiyo unapoingia ofisini kwa mkuu wa shule huendi kuomba fadhila. Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inamhesabu kila aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa mtoto, na hakuna azimio la klabu linaloweza kuutua mzigo wa ulinzi kutoka mabegani mwa watu wazima.

Kwa msingi huo, waachieni wasichana kabisa madhumuni ya safari, ratiba ya siku, chakula, bajeti, mgawanyo wa kazi na kanuni za mwenendo. Mambo matatu yabaki kwa watu wazima: kukubali au kukataa chombo na hali ya hewa, idadi na sifa za watu wazima wanaoambatana na kundi, na saa ya mwisho ya kurudi. Juu ya yote hayo wekeni kanuni moja, ambayo kwangu ndiyo moyo wa mpango mzima: kura inaweza kuahirisha safari lakini haiwezi kuilazimisha. Msichana yeyote, hata mdogo kuliko wote, akisema hadharani au kwa faragha kwamba kuna jambo linamtia wasiwasi, msafara usimame mpaka asikilizwe. Vivyo hivyo mlezi mmoja akikataa kupanda boti, hakuna anayepanda. Mkubali pia tangu mwanzo kwamba kuahirisha hakutaleta lawama wala faini, maana watu wengi huingia hatarini kwa kuona aibu ya kurudi nyumbani wakati nauli imeshalipwa.

Sasa nije kwenye maji, ambako wazazi wa wasichana wako wana haki ya kuogopa. Mwanza haijasahau MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, wala MV Nyerere, iliyopinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kufika kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho cha pili kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 100, na waliofariki peke yao walizidi 200. Tafakari hesabu hiyo pamoja na wasichana wako bila kuwatisha, kwa sababu inaonyesha kwa nini kazi ya kuhesabu watu haipaswi kuachiwa mwenye chombo. Wachague wasichana wawili wa kuhesabu. Kabla ya siku ya safari wamuulize mwendeshaji boti imesajiliwa na kupewa cheti kwa abiria wangapi, na wakione cheti chenyewe kinachotolewa na TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania; siku ya safari wahesabu wote waliomo, wakiwamo nahodha, msaidizi wake na abiria wowote wa njiani. Hesabu ikizidi kwa mtu mmoja, kundi lisipande. Kwa Saanane jambo hili ni jepesi kiasi, kwa kuwa kisiwa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013 na mipango ya kuvuka hufanywa na TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, upande wa Capri Point. Kundi la watu karibu 30 linaweza kuhitaji kuvuka kwa awamu, na hilo liulizwe siku ya kuweka nafasi, si gatini. Mkivuka kwa awamu, mtu mzima mmoja awe kwenye boti ya kwanza na mwingine abaki na awamu ya mwisho, ili upande wowote wa maji usibaki na watoto peke yao.

Jaketi okozi livaliwe na kufungwa nchi kavu, kabla ya mguu kugusa boti. Jaketi lililopangwa chini ya benchi halina faida kwa mtu aliyekwisha kuanguka majini. Wasichana wafanyiane jaribio dogo: mmoja amshike mwenzake jaketi mabegani na kulivuta juu, na likipanda hadi kufunika kidevu au masikio, ni kubwa mno kwake na libadilishwe. Mtagundua kwamba wale wa miaka 13 ndio wanaokosa saizi zao. Hiyo ndiyo sababu ya kupeleka orodha ya uzito wa kila mmoja kwa mwendeshaji siku kadhaa kabla, tena kwa namba na si kwa majina, maana wasichana hawapendi uzito wao usomwe hadharani, na wana haki.

Hali ya hewa ya ziwa ina mwendo wake. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka pande zote za ufuo na kukutana juu ya maji yenye joto, na ndiyo maana mvua za radi juu ya ziwa lenyewe hutokea zaidi usiku na alfajiri. Mchana upepo hugeuka, ukavuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu na kuinua mawimbi. Kikundi cha wasichana wawili au watatu kisome utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari na tena alfajiri, kisha kiulize watu wa mwalo wa karibu wanaonaje, kwa kuwa wavuvi wa Kirumba au Igombe huliona wingu kabla halijafika kwenye simu. Wakisikia ngurumo wakiwa gatini, wangoje nusu saa kamili tangu ngurumo ya mwisho. Binafsi ningevuka kuanzia saa tatu asubuhi na ningetaka kila mtu awe amerudi upande wa mjini ifikapo saa tisa alasiri, hata kama kisiwani bado kuna raha ya kuwatazama pimbi wakiota jua kwenye majabali.

Kuna kosa moja ambalo hata makundi makini hulifanya, nalo ni kuwaruhusu watoto waloweshe miguu ufukweni. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache, kwa hiyo hata kutembea majini ili kuifikia boti kunatosha kuambukiza. Chagueni sehemu yenye gati. Ikiwa mwanachama ameingia majini, mzazi aambiwe ili mtoto apimwe baadaye, kwani dawa ya prazikwanteli ipo na hutibu. Mamba na viboko hawahitaji maelezo kwa watu wa ziwa.

Barabarani nitasema machache: basi au Kosta iwe na kibali cha kukodiwa, kila abiria awe na kiti chake, na dereva asiwe ametoka kuendesha usiku. Kinachonitia hofu zaidi ni kilomita ya mwisho. Kundi linaporudi likiwa limechoka na kufurahi, wasichana huanza kushuka mmoja mmoja njiani, huyu Buzuruga, yule Igoma, mwingine akichukuliwa na bodaboda ya "jirani", na mlezi anaamini safari imekwisha. Safari huisha msichana wa mwisho anapokuwa mikononi mwa mzazi. Orodha ya kurudi iwe na jina la mtu aliyeidhinishwa kumpokea kila mmoja, na kiongozi wa kikundi kidogo asaini baada ya kumwona mpokeaji kwa macho. Vikundi vidogo vya wasichana watano au sita, kila kimoja na kiongozi wake na msaidizi, hurahisisha hesabu hiyo na hesabu nyingine zote za siku.

Taarifa za afya zikusanywe kwa siri na zishikwe na watu wazima wawili tu, ila mwenye tatizo aamue mwenyewe ni rafiki gani ajue. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, yaani sikoseli. Kwao baridi ya kulowa, kiu na uchovu vinaweza kuamsha maumivu makali, hivyo maji ya kunywa na sweta ni sehemu ya dawa. Mwenye pumu ashike kipulizio chake mwenyewe badala ya kukiacha kwenye begi la mwalimu. Mwenye kifafa asikae ukingoni mwa boti. Taulo za kike ziwe kwenye sanduku la huduma ya kwanza, mahali ambapo msichana anaweza kuchukua bila kuomba, na wasichana wenyewe wakague vyoo na maji ya huko mwendako. Mara nyingi hilo ndilo jambo linaloamua nani atakuja na nani atajifanya anaumwa siku ya safari.

Kuhusu ulinzi dhidi ya udhalilishaji, angalau watu wazima wawili waambatane na kundi na mmoja wao awe mwanamke, na mtu mzima yeyote, akiwamo dereva, nahodha na wewe mwenyewe, asibaki faraghani na msichana mmoja. Wasichana wachague mtu wa kumweleza jambo ambaye si kiongozi wa safari, kwa sababu mlalamikiwa anaweza kuwa kiongozi huyo. Kila mmoja ajue kwa kichwa namba 116 ya huduma kwa mtoto, 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na afahamu kwamba vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Picha zirushwe mitandaoni mkisharudi, kwa ridhaa ya anayeonekana. Picha ya mubashara humwambia mtu asiyehusika mahali watoto walipo.

Fedha ni rahisi: watunza hazina wawili, stakabadhi kwa kila mchango, na malipo ya kiingilio kwa kontroli namba badala ya noti mkononi.

Wazazi waiteni kikaoni na wasichana ndio waeleze mpango, wewe ukijibu yale matatu yaliyo ya watu wazima. Barua ya ridhaa itaje chombo, njia, saa, majina ya wasimamizi na kanuni ya kuahirisha. Barua inayosema "ziara ya mafunzo" tu haijampa mzazi kitu cha kuridhia. Mzazi akikataa hata baada ya hapo, asisukumwe. Mwanawe apewe kazi halisi ya nchi kavu, kwa mfano kushika simu ya mawasiliano pamoja na mwalimu aliyebaki shuleni, akipokea taarifa kila kundi linapovuka. Ikiwa wanaokataa ni wengi, badilisheni safari ya kwanza iwe Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, ambako hakuna maji ya kuvuka na kazi zote za kupanga ni zile zile.

Ukerewe nisingeiruhusu kwa sababu tu Saanane imekwenda vizuri. Kulala nje kunahitaji mtu mzima wa ziada wa zamu ya usiku, vyumba vya wasichana vinavyofungwa kwa ndani na visivyochangiwa na wageni wengine, na kituo cha afya kinachojulikana kilipo na namna ya kukifikia usiku. Wasichana walinganishe njia mbili, meli ya kutoka Mwanza hadi Nansio, na barabara ya Bunda hadi Kisorya yenye kivuko kifupi cha kuingia Rugezi, wakiandika saa, gharama na muda wa kukaa majini kwa kila moja, kisha walete pendekezo lao kwako na kwa mkuu wa shule angalau wiki sita kabla ya likizo, ili ofisi ya elimu ipate nafasi ya kutoa kibali na ninyi mpate nafasi ya kukataa.