Kabla hujaingia leba, ongea na mkunga kuhusu msamba wako

Mtoto wangu wa kwanza nilijifungulia hospitali moja hapa Moshi. Nesi alinikandamiza tumbo kwa viwiko ili mtoto atoke haraka, nikaongezewa njia kwa kukatwa msamba, pale kati ya uke na njia ya haja kubwa, nikashonwa nyuzi ambazo hakuna aliyeniambia ni ngapi. Baada ya miezi minne nikarudi Kiborloni kwenye biashara yangu ya mitumba. Siku ya kwanza kuinua belo na mwenzangu, mkojo ulinitoka hadi kwenye kandambili. Nikafunga khanga nyingine juu, nikauza mpaka jioni.

Mama mkwe aliponiona nafua khanga kila siku akaniambia, "Ndiyo uzazi huo, mwanangu. Kunywa mtori." Nikanywa. Nikanyamaza miaka miwili.

Wadogo zangu, msinyamaze. Misuli inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa hutanuka mno kichwa kinapopita, na wakati mwingine hubanduka kabisa kwenye mfupa. Nje nyuzi zinapona, ndani hakuna anayeona.

Mimba ya pili nikaanza kuuliza. Vifaa vipo: ultrasaundi ya nyonga inaonyesha misuli iliyobanduka, na kuna mikasi iliyotengenezwa kukata msamba kwa digrii 60 ili mkato usielekee njia ya haja kubwa. Kuna pia puto la kuingiza ukeni wiki za mwisho na kulijaza upepo, eti njia izoee. Shoga yangu alitaka kuniagizia, nikakataa. Utafiti wa Australia uliotoka 2016 haukuona kwamba linakinga misuli.

Mimi nilisaidiwa na chupa ya chai. Ile ile tunayobeba kila mmoja kwenda leba. Mkunga alimimina maji ya moto kwenye beseni, akayapoza, akachovya kitambaa safi, akakijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wake, ndipo akakiweka kwenye msamba kila nilipokuwa nasukuma. Kichwa kilipoanza kuonekana akaniambia, "Acha kusukuma mama, hema tu." Mtoto akatoka taratibu. Sikushonwa hata uzi mmoja.

Kitambaa hicho kinapunguza michaniko mikubwa, na kimo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018. Mwongozo huo huo unakataza kukandamiza tumbo, na unakataza kumkata kila mama kwa mazoea. Kwa hiyo ongea na mkunga wako ukiwa bado kliniki, uchungu ukishakolea huna maneno.

Kuanzia wiki ya 34 au 35 muulize pia akuelekeze kukanda msamba kwa mafuta, hasa kama ni uzazi wa kwanza. Na mazoezi anza sasa hivi, hata ukiwa kwenye daladala: bana kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu polepole, achia. Mara 8, asubuhi, mchana na jioni. Usiyafanye wakati unakojoa.

Ukirudi kliniki wiki ya 6 na mkojo bado unavuja, usisubiri waulize mtoto ananyonyaje. Anza wewe: "Nesi, mkojo unanitoka."