Wasomaji Wanauliza: Glavu kwenye msumeno, mkono kwenye kinu

SWALI: Nasimamia karakana ya kuchana mbao hapa Mafinga. Tuna vijana 11 na msumeno mmoja wa duara. Glavu na miwani nimewanunulia wote, ila nimeambiwa sharti niwe na tathmini ya hatari iliyoandikwa. Naanzia wapi?

JIBU: Anzia kwenye hizo glavu. Anayesimama kwenye msumeno avue leo hii. Jino likigusa kidole kitupu hukata. Likinasa kitambaa cha glavu huvuta kiganja kizima. Glavu waachie wabeba magogo na wapanga mabanzi.

Kisha, kwa tathmini yenyewe, shika daftari, simama pembeni saa nzima kazi ikiendelea, usiseme neno. Usiandike “msumeno ni hatari”, hilo hata mama ntilie wa getini analijua. Andika kitendo: “Msukumaji anamalizia ubao kwa mkono, vidole sentimita 10 toka kwenye meno.” Kila kitendo kipe alama 1 hadi 5 kwa uwezekano wa kutokea, na 1 hadi 5 kwa ukubwa wa madhara, uzidishe. Kikifika 15, kazi hiyo isimame mpaka irekebishwe. Msipoteze asubuhi kubishania 3 au 4, na usishushe alama ya kukatika mkono eti haijawahi kutokea.

Kwenye msumeno wako, kubwa litakalojitokeza ni ubao kurushwa. Msindano mchanga una mkazo ndani; ukichanwa, vipande viwili hujibana nyuma ya bamba (ile diski yenye meno), meno yanayopanda huunyanyua ubao na kumrudishia msukumaji tumboni. Dawa yake ni kile kisu cha chuma kinachosimama nyuma ya bamba na kuuweka mkato wazi. Kiwe kinene kidogo kuliko bamba lenyewe, lakini chembamba kuliko mkato, na usawa wa meza kisiwe mbali na meno zaidi ya milimita 8. Mafundi wengi hukifungua wakidai kinakwamisha mbao. Kinakwamisha kwa sababu hakijanyooshwa na bamba, au meno yamepoteza mpanuko, yaani kule kupinda kwake kidogo kushoto na kulia. Noa na upanue meno, kisu kirudi mahali pake.

Kava la juu lishushwe karibu na ubao. Sentimita 30 za mwisho zisukumwe kwa kijiti cha sentimita 45 chenye pengo mdomoni, na msukumaji asimame kando ya mstari wa bamba, si nyuma yake.

Mikanda na puli zifunikwe kwa wavu wa chuma. Juni na Julai mnavaa majaketi na skafu kwa baridi ya huko. Ncha moja ya skafu ikishikwa na mkanda, hakuna wa kuwahi swichi.

Kelele: kama mnapigiana makelele mkiwa mita moja, yaelekea mmevuka desibeli 85, kiwango kinachoweza kuharibu masikio. Nunua vizibo vya masikio.

SWALI: Kinu chetu cha mpunga, Mbarali, hukwama mara tatu nne kwa siku. Opereta huchokoa pumba kwa mkono kinu kikizunguka, anasema kuzima kunachelewesha wateja. Nimzuieje?

JIBU: Kumfokea hakutasaidia. Nunua kufuli. Swichi kubwa izimwe na kufungwa, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono, si mezani kwa karani. Asubiri puli zisimame kabisa, abonyeze kitufe cha kuwashia kuhakikisha kinu hakiitikii, ndipo afungue. Wakiwa wawili, kufuli mbili. Kama kinaendeshwa na injini ya dizeli, izimwe na mkanda uvuliwe.

Ila kukwama mara nne kwa siku nako kuna sababu. Mpunga ukizidi unyevu wa asilimia 14 hunata, na mabua yasiyochekechwa huziba njia. Wateja waanike zaidi, nawe weka chekeche juu ya mdomo wa kinu. Opereta hatakuwa na cha kuchokoa.